Kipyenga Kifike Sikonge

Jumamosi ya tarehe 20 Februari 2016, watani wa jadi Yanga na Simba walikutana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na aliyesimama katikati yao na kipyenga alikuwa mwanamke, Jonesia Rukyaa wa Kagera. Yanga walishinda kwa mabao 2 kwa 0, na kabla ya mapumziko mchezaji mmoja wa Simba alikwisha kutolewa nje kwa kadi mbili za njano. Anayeifahamu kandanda ya nchi hii anajua kwamba mpambano huo haujapata mwamuzi asiyenung'unikiwa na upande ulioshindwa. Mwamuzi mwanamke anaponung'unikiwa kwa sababu ya kadi, na si kwa sababu ya jinsia yake, sisi twahesabu kuwa ni dalili njema.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbele kwa kasi. Tarehe 23 Januari 2021, huko Limbe nchini Cameroon, timu yetu ya taifa ilicheza na Namibia katika mashindano ya CHAN chini ya waamuzi watatu wanawake, wakiongozwa na Lidya Tafesse wa Ethiopia. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 18 Januari 2022, jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea mjini Yaoundé, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwaka huo huo alikuwa Qatar kwenye Kombe la Dunia, na huko Mfaransa Stéphanie Frappart alichezesha Ujerumani na Costa Rica tarehe 1 Desemba. Mlango wa juu, basi, umefunguliwa, na hapana anayeweza kuufunga tena kwa hoja.

Tunalouliza leo ni kuhusu mlango wa chini. Mwamuzi hazaliwi na beji ya FIFA kifuani. Huanza kozi ya daraja la tatu, akapanda la pili, kisha la kwanza, na katika kila ngazi hutakiwa awe amechezesha mechi nyingi na kufaulu mitihani ya kanuni 17 za mchezo. FIFA haimwandikishi mwamuzi wa kati ambaye hajatimiza miaka 25, wala mshika kibendera ambaye hajatimiza 23. Kwa hiyo mwanamke tutakayemwona akichezesha mechi kubwa miaka kumi ijayo, hivi sasa ni mwanafunzi wa skuli fulani. Twapenda kujua ni skuli ipi, na kama huko kuna mtu wa kumpa kipyenga.

Tuchukue mfano wa Sikonge. Msomaji wa Unguja au Pemba huenda asiijue, ingawa mababu zake walilijua vyema eneo hilo. Ni wilaya ya mkoa wa Tabora, kusini mwa mji wenyewe, nchi ya miombo, tumbaku na asali. Mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji, misafara iliyoondoka Unyanyembe ilipinda kupitia pande hizo za kusini. Katika misafara ile walikuwamo wanawake, wakibeba vyungu, mikeka na watoto mwendo ule ule wa wapagazi, kutoka bara mpaka pwani na kurudi. Na Isike alipokufa mwaka 1893, waliokalia kiti cha utemi wa Unyanyembe baada yake walikuwa wanawake. Anayesema kwamba Mnyamwezi hawezi kukubali amri ya mwanamke mbele ya kadamnasi, basi hajaisoma historia ya Wanyamwezi.

Kandanda nayo si ngeni mkoani humo. Rhino Rangers walicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na mwaka 2023 timu nyingine ya Tabora ikapanda, watu wakaujaza Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Lakini binti wa Sikonge anayetaka kuwa mwamuzi anahitaji nauli ya kwenda kozini, ada, viatu, saa, kadi na mahali pa kulala. Akimaliza, anahitaji mechi. Mechi za vijijini huchezwa jioni, pengine huisha magharibi, uwanja hauna chumba cha kubadilishia nguo wala choo, na posho yake haitoshi hata kukodi bodaboda ya kumrejesha kwao. Mvulana huvaa jezi yake chini ya mti na kulala kwa rafiki. Binti hawezi, na mzazi anayemzuia katika hali hiyo hatuwezi kumwita adui wa maendeleo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kabla hajatokea mtu wa kuwapima uwezo.

Wako wanaosema kikwazo ni nguvu za mwili. Jawabu lake limekwisha kutolewa na saa. Mwanamke anayetaka kuchezesha wanaume katika ngazi ya kimataifa hupimwa kwa kipimo cha wanaume: mbio 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na mita 25 za kutembea kwa sekunde 18, mara 40, jumla kilomita 4. Asiyefaulu haingii uwanjani, awe nani. Kina Mukansanga waliingia.

Wengine, hasa hapa Visiwani, huuliza habari ya mavazi. Ni swali la haki. Baraza la kanuni za mpira, IFAB, liliruhusu rasmi mchezaji kufunika kichwa Machi 2014, na katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023 Mpalestina Heba Saadieh alishika kibendera akiwa amevaa hijabu yake. Binti wa Makunduchi au wa Wete hana haja ya kuchagua kati ya dini yake na kibendera.

Mukansanga mwenyewe alianzia kwenye mechi za skuli, alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Nasi tunayo mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA kila mwaka, yanayokusanya maelfu ya vijana kwa fedha za umma, wakiwa na walimu wao, mabweni na chakula. Usalama ambao mzazi wa Sikonge anautaka upo tayari pale. Kwa nini maofisa michezo wa wilaya, pamoja na Chama cha Waamuzi, wasifanye kozi ya daraja la tatu papo hapo, na mechi za wavulana zikachezeshwa na wasichana waliofaulu? Gharama yake ni vitabu vya kanuni, vipyenga na mkufunzi mmoja. Halmashauri zetu zimewahi kutumia zaidi ya hapo kwa fulana za sherehe.

Mwezi Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa mashindano hayo tutategemea waamuzi walioandaliwa zamani, kwani binti wa miaka 14 aliyeko Sikonge leo hataingia kwenye orodha ya waamuzi wa kati wa FIFA mpaka ipite miaka 11. Kozi ya daraja la tatu yaweza kuanza likizo ijayo.