Insha ya Marekani na Siri ya Nyumba

Hapa kwetu Kenya kijana huingia chuo kikuu kwa alama zake za KCSE. Hakuna amwulizaye yeye ni nani. Marekani mambo ni mengine. Vyuo vingi vya huko hupokea maombi kwa fomu moja iitwayo Common Application, iliyoanza mwaka 1975. Juu ya alama, fomu hiyo hutaka insha isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Mada ni saba, na ya saba ni kuandika lolote utakalo. Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama.

Alinijia Kibokoni baada ya Isha, karatasi tupu mkononi. "Mjomba, niandike nini?"

Nami nikajitia ujuzi. Nikamwambia watu wa huko hupenda machozi. Basi naaeleze jinsi babake alivyowaacha, na mamake akawalea kwa kuuza mahamri. Akaandika. Tulipomsomea mamake, dada yangu aliinamisha kichwa kitambo kizima.

"Kaka, siri ya nyumba yangu ikasomwe na watu nisiowajua?"

"Mficha uchi hazai," nikamjibu.

"Uchi wake ni wake. Huu ni wangu."

Nilinyamaza. Wasomaji wapenzi, sisi tumelelewa kusitiriana. Mimi mtu mzima nilikuwa namfundisha kijana kuiuza sitara ya mamake apate nafasi ya chuo.

Kijana akaichana karatasi. Kisha akasema, "Na lile daftari?"

Tangu darasa la sita yeye ndiye aandikaye hesabu ya mahamri ya mkopo. Siku moja mamake alimwambia kuwa kuna mteja asiandikwe jina wala asidaiwe. Kijana akabisha: hesabu isiyo na jina haitimii. Kila jioni aliacha mstari mtupu huku amenuna. Alipokua ndipo alipofahamu kwamba mamake alijua hesabu kumshinda, na mstari ule aliuacha kwa makusudi.

Nikakumbuka kwamba mojawapo ya zile mada saba yamtaka mwombaji aeleze wakati alipolitilia shaka wazo au imani fulani, na yaliyotokea baadaye. Kumbe mada ilikuwa sandukuni mwao siku zote!

Aliandika kwa siku tatu. Jina la mteja halimo, wala habari za babake hazimo. Mamake alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hii ipeleke."

Majibu bado hatujayapata. Lakini enyi vijana mtakaoijaza fomu hiyo, msihangaike kutafuta msiba. Tafuteni jambo mlilolitenda au kuliwaza wenyewe, ambalo ni lenu kulisimulia. Mpwa wangu akikosa chuo, hatakosa kumtazama mamake usoni.