Baiskeli mjini: Faida ipo, barabara ndiyo inayoila

MUUZA madafu anayeonekana Posta au Upanga saa nne asubuhi huwa ameshamaliza nusu ya kazi yake. Ameamka alfajiri, amefuata mzigo, ameufunga kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tyubu, kisha ametoka pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam hadi katikati akipishana na daladala, malori na bodaboda. Baiskeli ile ndiyo gari lake na ndiyo ghala lake. Akishaiegesha kivulini inageuka kuwa duka. Si biashara nyingi mjini ambazo mtaji wake wote unaweza kuegemezwa ukutani.

Hayuko peke yake. Wapo wauza mayai wenye trei zilizopangwa hadi mabegani, wachuuzi wa samaki wanaotoka Feri na matenga, wanoa visu, na wakulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi ambao wasipofika sokoni mapema mboga inanyauka na bei inashuka pamoja nayo. Wapo pia wasiobeba chochote: mafundi ujenzi, na walinzi wa usiku ambao zamu zao huanza au kwisha saa ambazo mabasi ni ya kubahatisha. Wengi wao hawakuchagua baiskeli kwa ajili ya afya wala mazingira. Waliichagua kwa sababu ya nauli.

Nauli hiyo inastahili kupigiwa hesabu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilitangaza nauli ya daladala ya Sh600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, kutoka Sh500. Chukua mfanyabiashara mdogo anayeishi Tandika na kufanya kazi Kariakoo, safari ya kilomita sita au saba. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi ni Sh1,200. Kwa siku 26 za kazi ni Sh31,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh374,400. Hapo hajabeba mzigo wowote ambao konda atautolea macho.

Sasa weka baiskeli. Bei zifuatazo ni za mfano tu, kila mmoja aweke za sokoni kwake. Tuseme baiskeli ya mtumba iliyo imara inagharimu Sh150,000 na itatumika miaka mitano; uchakavu wake ni Sh2,500 kwa mwezi. Matengenezo, yaani viraka, breki, gololi na tairi la mara moja moja, yawekewe Sh8,000. Jumla ni Sh10,500, na kinachobaki katika ile nauli ni Sh20,700.

Kuna gharama moja ambayo wengi huisahau, nayo ni chakula. Baiskeli haina tangi la mafuta, lakini mwendeshaji anacho tumbo. Kilomita 13 kwa siku zinaweza kumla kati ya kalori 300 na 400, ambazo ni sawa na gramu 100 hivi za unga wa mahindi. Ukiweka kilo ya unga Sh1,500, hiyo ni Sh150 kwa siku, au Sh3,900 kwa mwezi. Toa na hiyo. Akiba halisi inabaki Sh16,800 kwa mwezi.

Wapo watakaosema ni pesa ndogo. Kwa mtu ambaye mtaji wake wa bidhaa ni Sh100,000, kupata Sh16,800 kila mwezi bila kuongeza hata mteja mmoja si jambo dogo. Tena akiba hiyo ni ya mtu asiye na mzigo. Anayelazimika kumlipa bodaboda Sh2,000 kila asubuhi kusogeza bidhaa anatumia Sh52,000 kwa mwezi. Baiskeli yenye keria imara ikiuchukua mzigo huo, hata ile baiskeli mpya ya Sh250,000 inaweza kurudisha fedha yake ndani ya miezi minne. Ndiyo maana mkopo wa baiskeli kutoka VICOBA au SACCOS ni miongoni mwa mikopo ambayo mkopaji anaweza kuirejesha kwa pesa iliyotokana na kitu chenyewe alichokopea, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu mkopo wa simu au wa sherehe.

Mkulima wa Kisarawe au Mkuranga naye asidhani habari hii ni ya watu wa mjini. Bei anayopewa shambani ni bei ya sokoni ukishatoa usafiri na faida ya mchuuzi. Mchuuzi wa baiskeli hununua kidogo kidogo, hufika kwenye vijia ambavyo gari halifiki, wala halazimiki kusubiri lori lijae. Akipungua barabarani, mkulima mwenye matenga mawili ya nyanya au gunia moja la muhogo anabaki na mnunuzi mmoja tu, yule mwenye gari, na kila mkulima anajua bei inavyokuwa mnunuzi akiwa mmoja.

Historia ya ukanda huu inathibitisha kwamba baiskeli ni chombo cha biashara. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli, katika mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia, ambako vijana walivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka miongo kadhaa kabla ya pikipiki za bei nafuu kumiminika katika miaka ya 2000 na kulichukua jina. Shinyanga mjini, baiskeli za kubeba abiria zilifanya kazi kwa miaka mingi, na wenyewe waliziita daladala. Tanzania iliwahi hata kutengeneza baiskeli zake, Swala, kabla ya soko kubaki mikononi mwa Phoenix ya China, Hero ya India na mitumba.

Njia za vichochoroni

Dar es Salaam ina zawadi ambayo miji mingi ya milimani haina: sehemu kubwa yake ni tambarare. Ukiacha vilima vya Kimara na Pugu, mtu mwenye baiskeli isiyo na gia anaweza kuvuka jiji bila kushuka kusukuma. Waendeshaji wazoefu wameshajichorea ramani yao. Anayetoka Tandika hapiti barabara kubwa mwanzo hadi mwisho. Hukatiza mitaa ya Temeke, akashika Chang'ombe, akatokea Keko. Huko ndani magari ni machache na yanakwenda polepole kwa sababu ya mashimo. Shimo linalomkera mwenye gari ni tuta la bure kwa mwenye baiskeli.

Tatizo ni kwamba vichochoro haviendi mbali. Mahali fulani lazima kukutana na barabara kubwa, na kwa huyu wa Keko ni Barabara ya Nyerere, ambayo hana budi kuivuka ili afike Gerezani na Kariakoo. Sehemu kubwa ya njia yake ni salama, kisha mita mia chache zinabeba karibu hatari yote ya siku. Kwa upande wa Msimbazi mambo hugeuka kwa majira. Kiangazi vijia vya bondeni vinapitika vizuri. Masika, kati ya Machi na Mei, vinakuwa matope, na pale Jangwani hata Barabara ya Morogoro imewahi kufungwa zaidi ya mara moja kwa mafuriko.

Mvua ina hila nyingine ambayo muuzaji wa baiskeli haisemi. Baiskeli nyingi za mizigo zina rimu za chuma na breki za fito. Rimu ya chuma ikilowa, raba ya breki huteleza, na baiskeli yenye mzigo huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko siku kavu. Anayebeba kilo 60 nyuma akiwa kwenye mteremko wa Kimara siku ya mvua hapaswi kukimbizana na mtu. Ni heri achelewe soko.

Mzigo wenyewe ukae chini na karibu na ekseli ya nyuma. Ukipandishwa juu sana, au ukisogezwa nyuma ya keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba, na hapo ndipo mtu huangukia upande wa magari. Cheni ipakwe mafuta safi kidogo. Yale mafuta machafu yaliyomwagwa gereji hunasa mchanga, na mchanga huila cheni na meno yake. Kiakisi mwanga chekundu nyuma ni kitu cha bei ndogo, lakini baiskeli nyingi za mizigo hazina, au kipo na kimefunikwa na gunia.

Hesabu inapovurugika

Rudi kwenye ile akiba ya Sh16,800. Chukua kwamba mfanyabiashara yule anaingiza Sh10,000 kwa siku baada ya kutoa gharama, na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Gari likamgusa, akavunjika mguu, akakaa nyumbani wiki sita. Amepoteza Sh360,000 kabla hajalipa hospitali wala kukarabati baiskeli. Hiyo ni akiba ya miezi 21. Ajali moja imefuta karibu miaka miwili ya kunyonga pedeli, na kwa kawaida mtu huyo hana bima wala mwajiri wa kumlipa akiwa kitandani. Mtaji wa bidhaa ndio huliwa kwanza.

Hapo ndipo swali la barabara linapoacha kuwa la wahandisi peke yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Mwendo ndio kiini. Nguvu ya kugonga hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Anayesimama dakika tano kando ya Barabara ya Mandela usiku atajionea mwenyewe inavyoheshimiwa.

Jiji halijakosa mifano mizuri. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza kazi Mei 2016, ile awamu ya kwanza ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilikuja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini njia ya baiskeli haina faida ikiwa haipitiki. Sehemu kadhaa zimevamiwa mara kwa mara na pikipiki zinazokwepa foleni, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara, na mwenye baiskeli hurudi kule kule kwenye magari. Wenye meza nao wanatafuta riziki, na kuwafukuza bila kuwapa pahala huwarudisha wiki inayofuata. Wenye magari hawana utetezi huo. Chama cha waendesha baiskeli cha jijini, UWABA, kimekuwa kikidai njia hizo kwa miaka mingi, na dai lake si la anasa.

Wanaodhani njia za baiskeli ni mambo ya nchi zilizokwisha kutajirika watazame Uholanzi. Nchi hiyo ilijaza magari baada ya vita kama wengine, na mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, wakiwamo mamia ya watoto. Wazazi waliandamana, kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, na Serikali ikaanza kubadili namna ya kujenga barabara. Leo baiskeli za huko ni nyingi kuliko watu. Hazikuletwa na utajiri peke yake, maana utajiri ulikuwa umeanza kwa kuleta magari.

Kundi moja limeachwa nyuma hata na hesabu hizi: wanawake. Mama lishe anayefuata nyanya na vitunguu sokoni alfajiri hutumia bodaboda au bajaji, na pesa hiyo inatoka kwenye sahani anazouza. Wengi hawakufundishwa baiskeli utotoni, baiskeli za mizigo zina bomba la juu lisiloendana na khanga, na mtaani maneno hayakosekani. Bomba lina dawa, kwani zipo baiskeli zenye bomba la chini. Maneno hupungua wapandaji wakiwa wengi, na hawatakuwa wengi wakiwa wanapita katikati ya malori.

Anayekwenda kununua mtumba aanze na fremu. Achunguze maungio ya chini ya usukani na pale nguzo ya kiti inapoingia. Rangi mpya mahali hapo huenda inaficha ufa au uchomeleaji. Azungushe magurudumu yote mawili na kusikiliza gololi. Kisha atenge pesa ya kufuli na mnyororo mnene, kwa sababu Kariakoo mahali rasmi pa kuegesha baiskeli ni haba, na wengi huishia kuifunga kwenye nguzo au kumlipa mwenye kibanda aitazame. Malipo hayo ya kibanda nayo yaingie kwenye hesabu.