Mizizi ya Kiingereza, Kiunzi cha Kiswahili

Mtoto wa Tanzania aliyepitia shule ya msingi ya kawaida ya serikali huingia kidato cha kwanza akiwa amesomeshwa hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Sekondari, masomo hayohayo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Akichanganya lugha anapojibu swali, huhesabiwa kuwa hajui hata moja kati ya hizo mbili. Hukumu hiyo si ya haki.

Kuchanganya lugha kuna kanuni zake. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, alieleza mwaka 1993 kwamba lugha moja hutoa kiunzi cha sentensi, yaani viambishi na mpangilio, na nyingine huchomeka maneno humo. Katika "Tuna-discuss swali la pili", nafsi na wakati vimebebwa na Kiswahili. Kiingereza kimeleta mzizi tu. Kinyume chake, mzizi wa kitenzi cha Kiswahili kuvikwa sarufi ya Kiingereza, ni nadra kusikika.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwanafunzi aliyezoea mazungumzo ya aina hii huwa na akiba nzuri ya nomino na vitenzi vya Kiingereza, ilhali kazi ya kuviunganisha imefanywa na Kiswahili miaka yote. Akitakiwa kutoa sentensi nzima ya Kiingereza, matofali anayo, udongo wa kuyashikanisha hana. Kiambishi "a-" hakitofautishi mume na mke, kwa hiyo "he" na "she" humponyoka hata akiwa anazijua. Mezani, chumbani na shuleni zote humalizwa na "-ni" moja, lakini Kiingereza humtaka achague kati ya "on", "in" na "at", tena papo hapo, wenzake wakimsikiliza.

Shule nyingi hujibu kwa kibao cha "Speak English" na adhabu. Adhabu haimpi kiunganishi alichokikosa. Humfundisha kunyamaza, au kuitikia pamoja na darasa zima, na kwa kunyamaza hupoteza mazoezi anayoyahitaji kuliko kitu chochote.

Afadhali wanafunzi wajadili hoja kwanza kwa Kiswahili, kisha mwalimu aidake sentensi iliyochanganywa na kuirejesha ikiwa kamili: "We are discussing the second question." Mwanafunzi airudie kwa nafsi nyingine, kisha kwa wakati uliopita. "Discuss" alikuwa nayo tangu mwanzo. Anachofanyia mazoezi sasa ni "are" na "-ing".