Ruacana: umeme Namibia, bomba Angola

Leo twende kusini, mpakani mwa Namibia na Angola, kwenye kimji kinaitwa Ruacana. Wakazi wake ni elfu chache tu, na kimekua kwa sababu moja: umeme wa Mto Kunene. Lakini hicho kituo ndicho kikubwa kuliko vyote Namibia!

Sasa sikieni jinsi kinavyofanya kazi. Kunene unaanzia kwenye nyanda za juu za Angola, unashuka mpaka maporomoko ya Ruacana, yenye urefu wa kama mita 120. Hapo ndipo mto unapoanza kuwa mpaka. Juu ya maporomoko, ndani ya Angola, kuna banio. Maji yanakamatwa pale, yanapita kwenye handaki, halafu yanaporomoka mpaka kwenye mitambo iliyochimbiwa chini ya ardhi upande wa Namibia. Ndiyo maana mtalii akienda kiangazi anaweza kukuta mwamba mkavu. Maji yote yako kazini!

Unaona tatizo liko wapi? Taa ziko kwa mmoja, bomba liko kwa jirani.

Mkataba uliandikwa mwaka 1969 kati ya Ureno na Afrika Kusini, wakoloni wawili wakigawana mto wa watu. Mwaka 1975 majeshi ya Afrika Kusini yakaingia Angola kwa kisingizio cha kulinda mradi. Mitambo ikaanza kazi 1978, vita vikiendelea. Juni 1988 ndege zikapiga bwawa la Calueque, juu zaidi kwenye mto, na wanajeshi wa Afrika Kusini wakafa pale. Haikupita miaka miwili, Namibia ikapata uhuru, Machi 1990.

Vita viliacha deni. Kituo chenyewe hakina bwawa kubwa la akiba, kinategemea mto unavyotiririka. Bwawa la kupanga maji ni Gove, mbali huko Angola, nalo liliharibiwa vitani na likakaa miaka mingi bila kutengenezwa. Mwaka 2012 Namibia iliongeza mtambo wa nne, jumla ikavuka megawati 330. Safi. Lakini mtambo hauleti mvua. Mto ukipungua umeme unapungua, na Namibia inabidi inunue kwa majirani, hasa Afrika Kusini.

Somo ni nini? Huwezi kujitegemea kwa umeme kama maji yako yanaanzia kwa mwenzako na hamuelewani. Sisi tuna Rusumo kwenye Mto Kagera, megawati 80 za Tanzania, Rwanda na Burundi, zinagawanywa sawa kwa sawa. Tofauti ni kwamba safari hii wenye mto wameandikiana wenyewe.

Je, ukame ukija makubaliano yatashika, au kila mtu atavutia kwake? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.