Kupima bure, kuuza fremu: hesabu za duka la miwani la mji mdogo

Vibao vya maduka ya miwani katika miji midogo ya Tanzania vinafanana. Kuna jicho kubwa lililochorwa kwa rangi ya bluu, kuna namba ya simu, na kuna ahadi mbili: tunapima macho kwa kompyuta, na kupima ni bure. Ahadi ya kwanza ni ya kuvuta wateja. Ya pili ndiyo inayofanya biashara hii iwe ngumu kuliko inavyoonekana ukiwa barabarani.

Chukua Makambako, mkoani Njombe. Mji umekaa njia panda: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, barabara inayochepuka kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inayopita hapohapo. Malori yanalala, wafanyabiashara wa mahindi na viazi wanapita, mafundi cherehani wako sokoni kutwa nzima. Mtaalamu wa optometria akifungua chumba kimoja hapo, chenye meza, kiti na chati ya herufi ukutani, hatakosa watu wa kupima. Kazi ni kujua nani atamlipa, na atamlipa kwa lipi.

Elimu yake si haba. Kwa miaka mingi njia ya kawaida imepitia Moshi, kwenye shule ya optometria iliyoko hospitali ya KCMC, ambako stashahada huchukua miaka mitatu. Siku hizi chuo kikuu cha hapohapo kinatoa na shahada. Akihitimu anasajiliwa na Baraza la Optometria chini ya Sheria ya Optometria ya 2007, na duka nalo linahitaji kibali cha baraza hilo. Wengi hawaanzi na duka. Wanaanza hospitali ya wilaya au ya mkoa kwa mshahara wa serikali, kisha duka linakuja baadaye, la jioni na Jumamosi, kwa mtaji wa mkopo unaokatwa kwenye mshahara huohuo. Mgonjwa aliyepimwa asubuhi hospitalini, akaandikiwa miwani ambayo hospitali haina, jioni anaweza kuikuta dukani kwa yuleyule aliyempima. Maadili ya kazi yana la kusema juu ya hilo. Mgonjwa mwenyewe, mara nyingi, anashukuru tu kwamba hakupanda basi kwenda Mbeya.

Mtaani anaitwa daktari, naye hakatai. Hafanyi upasuaji. Anapima, anaandika namba, anatengeneza miwani, na anayemwona ana mtoto wa jicho au ugonjwa mwingine anamwandikia barua ya rufaa.

Chombo chake cha thamani kuliko vyote hakichukui nafasi. Ni retinoskopu, kimwanga cha mkononi kinachotumia betri. Anamulika ndani ya mboni, anatazama mwako unavyosogea, anabadilisha lenzi moja baada ya nyingine mbele ya jicho mpaka mwako utulie. Kwa mkono uliozoea, kipimo kinatoka bila mgonjwa kutamka neno, ndiyo maana hufaa kwa mtoto mdogo, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Lakini hakuna mteja aliyewahi kuvutiwa na retinoskopu. Anachotaka ni kompyuta: mashine ya mezani anayochungulia ndani yake kwa sekunde chache, ikatoa karatasi yenye namba. Mashine hiyo ni nzuri ila ina tabia moja: mtoto akichungulia, jicho lake hukaza, na mashine huandika upeo mfupi kuliko ulivyo. Mtaalamu huichukua karatasi hiyo kama mahali pa kuanzia. Muuzaji asiyesomea huichukua kama jibu, na mtoto wa darasa la tano anatembea na lenzi zenye nguvu ambazo jicho lake halikuzihitaji.

Gharama inayowatoa jasho hasa wenye maduka ni ya stoo. Lenzi za upeo mfupi, kuanzia sifuri hadi 6 kwa hatua ya robo, ni namba 25. Kila moja inahitaji kuwepo na marekebisho ya astigmatizimu, tuseme kuanzia sifuri hadi 2, nayo kwa hatua ya robo: namba 9. Hizo ni aina 225. Ongeza lenzi za upeo mrefu kwa kiwango hichohicho, nyingine 216. Jumla 441, na hapo tumehesabu lenzi nyeupe za kawaida peke yake. Wateja wanataka pia zinazobadilika rangi juani, na wanafunzi wa vyuo wanataka za kuzuia mwanga wa simu (ushahidi kwamba zinasaidia chochote ni mwembamba, ila zinauzika). Duka la aina tatu za lenzi lingetakiwa kuwa na aina 1,323, kila moja kwa jozi, na nyingi zingekaa miaka bila kuguswa.

Kwa hiyo duka la Makambako linaweka namba zinazotoka kila wiki, na nyingine zote zinaagizwa Dar es Salaam. Namba inatumwa kwa simu, pesa kwa simu, lenzi inapanda basi la usiku na kusafiri zaidi ya kilomita 600. Ikifika imekwaruzwa, au kilichotumwa ni jicho la kulia mara mbili, mteja anaambiwa arudi kesho kutwa. Mwenye mashine ya kukatia lenzi ana nafuu kubwa, kwa sababu anaagiza duara tupu na kuikata mwenyewe ilingane na fremu. Asiyenayo anatuma fremu yenyewe safari nzima, kwenda na kurudi.

Halafu kuna miwani isiyochukuliwa. Shati lisilochukuliwa kwa fundi litapata mwili mwingine wa kulivaa, lakini lenzi iliyokatwa kwa namba za mtu, umbali wa mboni zake na fremu aliyoipenda, haina mnunuzi mwingine. Ndiyo maana mwenye duka mwenye akili anadai kianzio kinachofidia lenzi kabla ya kuagiza, hata kwa mwalimu anayemfahamu. Fremu itarudi kabatini. Fremu hizo, tuseme ukweli, nyingi zina majina ya Kiitaliano na zimetoka Kariakoo kwa bei ya dazeni. Mteja anajua, muuzaji anajua, na hakuna aliyedanganywa.

Tuweke sasa namba za mfano, si za duka lolote. Fremu imenunuliwa kwa shilingi 10,000, lenzi jozi moja 15,000, usafiri 3,000. Miwani inauzwa 80,000. Inabaki 52,000. Akiuza miwani 20 kwa mwezi anapata 1,040,000. Toa pango 200,000, msaidizi 250,000, umeme, kodi na vibali 150,000. Kimebaki 440,000, na hajalipa mkopo.

Lakini mwezi huohuo amepima watu 80. Kipimo cha haki, chenye historia ya mgonjwa na kuangalia ndani ya jicho, kinachukua nusu saa. Hizo ni saa 40, na kati yake saa 30 amewapima watu ambao hawakununua kitu. Wengine hawakuhitaji miwani. Wengine walichukua namba zao wakaenda kutafuta bei nafuu kwingine. Angetoza 5,000 kwa kila kipimo angepata 400,000, karibu sawa na kinachobaki. Jirani yake mwenye kibao cha kupima bure angemnyang'anya baadhi ya watu, hilo halina ubishi, na baadhi yao ni wanunuzi. Hata hivyo nadhani wenye maduka wanaiogopa ada hiyo kupita kiasi. Mtu huyohuyo analipia kipimo cha malaria bila kuuliza kama kitakuwa na majibu anayoyapenda.

Ubaya wa kupima bure haukomei mfukoni. Anayeishi kwa fremu peke yake ana kila sababu ya kuandika miwani pale ambapo jibu la kweli ni kwamba macho yako ni mazima, nenda nyumbani. Wengi hawafanyi hivyo. Lakini mfumo wa malipo unawasukuma huko kila siku, na bima haijabadilisha sana hali hiyo kwa duka dogo: wenye kadi ni wachache, na malipo ya bima hayafiki siku miwani inapotoka.

Mshindani anayelalamikiwa zaidi ni machinga. Anatandika miwani ya kusomea kwenye ubao, kuanzia namba 1 hadi 3 na zaidi, kwa shilingi elfu chache. Anampa mteja gazeti au Biblia, anajaribisha moja hadi nyingine, na herufi zinapokaa sawa biashara imekwisha. Mzigo wake, kama ule wa maduka, unatoka China, ambako mji wa Danyang katika jimbo la Jiangsu umejengwa juu ya lenzi. Wataalamu wanataka azuiwe. Mimi siungi mkono. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Inampata kila mtu, na kwa wengi macho yote mawili yanahitaji namba moja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 wana tatizo hili bila miwani inayofaa. Hakuna idadi ya wahitimu wa Moshi itakayowafikia wa Tanzania kwa fremu za 80,000.

Na faida ya miwani hiyo rahisi imepimwa. Huko Assam, India, utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa miwani ya karibu wachumaji chai wenye miaka 40 na zaidi. Kilo walizochuma kwa siku ziliongezeka kuliko za wenzao wasiopewa, kwa tofauti ya takriban asilimia 22. Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa 2024, watu 824 wenye miaka 35 hadi 65 walifuatiliwa kwa miezi minane, na waliopewa miwani walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 33.

Kile ambacho machinga hawezi ni kuona ndani. Presha ya macho mara nyingi haiumi. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho, uoni unapotea kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Mtu anaweza kununua miwani tatu sokoni, kila moja ina nguvu kuliko ya mwanzo, huku tatizo likiwa kwingine kabisa. Mtaalamu mwenye oftalmoskopu hulishuku kwa dakika chache na kumwelekeza Mbeya. Hiyo ndiyo huduma kubwa kuliko zote anazotoa, na kwa hesabu tulizoziona, mgonjwa huyo anamwingizia sifuri, kwa kuwa ameondoka bila fremu.

Soko ambalo halijaguswa liko mlangoni. Njombe na Mufindi ni nchi ya chai. Mashamba mengine sasa yanachuma kwa mashine, lakini bado kuna wakulima wadogo na vibarua wanaolipwa kwa kilo, na viwanda vinavyotaka majani mateke yaliyochaguliwa vizuri. Mtaalamu wa Makambako anaweza kufanya mkataba na chama cha wakulima au mwenye kiwanda. Aende na boksi la miwani za karibu alizonunua kwa bei ya jumla, apime kila mwenye miaka 40 na zaidi, awatenge wanaohitaji namba za kuagizwa na wale wa kupelekwa hospitali. Ankara yake iwe na mistari miwili: miwani kwa bei karibu na ya kununulia, na ada ya kupima kwa kila kichwa. Mwenye kiwanda hataulizia fremu. Ataulizia kilo.