Vifaru vya Mezani: Mchezo wa Watu Wazima

Ndugu msomaji, Kiswahili kilipolazimika kuipa jina ile mashine ya chuma iliyoonekana vitani kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwezi Septemba 1916, hakikwenda kuazima mbali. Kilimtazama mnyama mwenye ngozi nene, asiyegeuzwa njia na kichaka, kikasema: hicho nacho ni kifaru. Tofauti ikabaki katika sarufi tu. Yule wa Ngorongoro ni kifaru huyu, na kile cha jeshini ni kifaru hiki. Makala haya yanahusu kifaru cha tatu, kisicho na uhai wala hatari, kifupi kidogo kuliko rula ya mwanafunzi, ambacho mtu mzima mwenye kazi na watoto wake anaweza kukiinamia kila usiku kwa miezi mitatu mfululizo.

Huenda ukacheka. Wengi hucheka. Lakini katika Japani, Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi, uundaji wa vifaru vya mfano ni shughuli yenye vyama, majarida, mikutano na mabishano makali. Waingereza walianzisha chama cha waundaji wa mifano ya plastiki mwaka 1963, nacho kikaenea katika nchi nyingi kwa jina la IPMS; miaka miwili baadaye, 1965, wapenzi wa vifaru na magari ya deraya wakaunda chama chao wenyewe, MAFVA. Kila Novemba ukumbi mkubwa wa mji wa Telford hujaa meza kutoka mwanzo hadi mwisho, na wanaozunguka meza hizo, aghalabu wanaume wenye mvi na miwani, huinama kutazama kitu cha sentimita ishirini na nne kwa makini ambayo wengine wetu huyaweka kwa mahesabu ya benki.

BETRI MBILI

Kitovu cha shughuli hii kipo Shizuoka, mji wa Japani uliosifika tangu kale kwa mafundi wa mbao. Huko ndiko familia ya Tamiya ilikoanzisha kiwanda cha kupasua mbao mwaka 1946, na baada ya muda mfupi ikaanza kutengeneza mifano ya mbao kwa ajili ya watoto. Moto uliteketeza mali yao mwaka 1951. Kisha plastiki kutoka ng'ambo ikaingia sokoni, na mifano ya mbao ikakosa wanunuzi. Wakalazimika kujifunza upya kazi yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitoa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, ambacho kilikusudiwa kutembea chenyewe mezani kwa mota ndogo. Mota inahitaji betri, na betri mbili zinahitaji nafasi. Basi mwili wa kifaru ukapewa upana wa kuzitosha. Baadaye ndipo walipopima na kukuta kwamba wameunda sehemu moja ya thelathini na tano ya kifaru chenyewe. Hivyo kipimo cha 1:35, ambacho leo kinafuatwa na viwanda vya nchi nyingi, hakikutoka kwa mhandisi wala kwa jeshi. Kilitoka kwa betri.

Kwa kipimo hicho askari mwenye urefu wa sentimita 175 anakuwa na sentimita tano, na kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya hindi. Wapo watu wanaoichora mboni ya jicho katika kichwa hicho.

Mtu akifungua boksi jipya hakuti kifaru. Anakuta fremu za plastiki zilizoshikilia mamia ya vipande, na katika baadhi ya maboksi ya siku hizi vipande hupita elfu moja. Kila kimoja hukatwa kwa koleo dogo, hukwanguliwa kwa kisu, hupigwa msasa, kisha huunganishwa kwa gundi ambayo si gundi ya kawaida: huiyeyusha plastiki yenyewe, hata vipande viwili vikawa kimoja, kama fundi anavyochomelea chuma. Mvuke wake si mzuri kwa mapafu, na vumbi la msasa vilevile. Mzazi anayemruhusu kijana wake kuijaribu kazi hii ahakikishe dirisha li wazi na kisu hakiachwi mahali ambapo mdogo wake anakifikia.

Minyororo ndiyo inayowashinda wengi. Kifaru cha Kijerumani cha Tiger kina pingili 96 kila upande, na mwenye bidii huziunganisha moja moja, zote 192. Akizimaliza, hana budi kuzilaza jinsi uzito unavyotaka. Mnyororo wa Tiger ulikuwa mzito, ukilalia juu ya magurudumu. Ule wa Sherman wa Marekani ulishikiliwa na vigurudumu vya juu, ukakaza. Atakayeukaza wa Tiger kama kamba ya kuanikia nguo ataambiwa.

Naye ataambiwa na wenzake, kwani hapo ndipo faida ya chama ilipo. Mtu akifanya kazi hii peke yake huweza kuridhika mapema mno. Akiiweka meza moja na watu kumi, mmoja atamwonyesha ufa ulioachwa kati ya vipande viwili, mwingine atamwuliza kwa nini matope yamepanda hadi kichwani ilhali magurudumu ni masafi, na wa tatu atatoa mfukoni picha ya mwaka 1944 iliyofifia na kusema: tazama, taa ilikuwa moja tu. Wapo wanaohesabu hata ribiti, nao huchosha. Lakini katika chama kimoja cha Kimarekani, AMPS, umewekwa utaratibu wa busara, ambao mashindano yetu ya kazi za mikono shuleni yangeweza kuuiga: kila mfano huhukumiwa kwa kipimo kilichowekwa na wala si kwa kulinganishwa na wa jirani. Watu watano wakiistahili dhahabu, wote watano huipata. Aliyeshindwa hupewa karatasi yenye maelezo ya nini akirekebishe.

Rangi nayo ina tarehe. Vifaru vya Ujerumani vilipakwa kijivu kilichokoza hadi Februari 1943, ilipotolewa amri ya kutumia rangi ya manjano ya vumbi. Tangu Septemba 1943 hadi Septemba 1944 viwanda vyao viliwapaka wengi wa vifaru hivyo lipu yenye mifereji, ili bomu la sumaku lisipate mahali pa kunasa. Anayekipaka kifaru kijivu cha 1941 na kukiongezea lipu ya 1944 ameunda kitu ambacho hakikupata kuwapo kiwandani, hata kama kazi yake ni nzuri machoni. Na picha za zamani, kwa kuwa hazina rangi, zimewagombanisha watu wazima kwa miongo mingi. Ndiyo maana wengi husafiri hadi Bovington, kusini mwa Uingereza, kukitazama kwa macho Tiger namba 131, kilichotekwa Tunisia, katika bara hili letu, mwezi Aprili 1943, na ambacho injini yake ingali inanguruma.

MABAMBA MATATU

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye jambo lililomfanya mwandishi wenu aone kwamba habari hii inastahili ukurasa wa familia.

Chukua kifaru cha Sherman. Marekani iliunda takriban 49,000, na mifano yake ya plastiki haihesabiki. Katika maboksi mengi ya Sherman za mwanzo utakuta vipande vitatu visivyovutia hata kidogo: mabamba bapa ya pembe nne, mawili ya kubandikwa ubavu wa kulia na moja ubavu wa kushoto. Unene wake hauzidi sana kucha. Anayeanza kazi huvibandika kwa dakika mbili na kuendelea na bunduki, kwa sababu bunduki zinapendeza zaidi.

Mwenzake wa chamani humwuliza: hayo mabamba ni ya nini?

Nyuma ya sehemu hizo tatu ndani ya kifaru ndimo zilimopangwa risasi za mzinga. Kombora la adui likipenya hapo, baruti iliwaka, na ndani walikuwamo watu watano. Jeshi la Marekani lilipoiona hali hiyo liliamuru chuma cha unene wa inchi moja kichomelewe nje, juu ya mahali pale pale penye hatari. Baadaye, mwaka 1944, zikaanza kuundwa Sherman nyingine ambazo risasi zake zilihamishiwa sakafuni, katika masanduku yaliyozungukwa na maji, na moto ukapungua sana. Sherman hizo ziliandikwa herufi W mwishoni mwa jina lake, na hazikuhitaji tena mabamba ya ubavuni. Kwa hiyo mtu anayebandika mabamba matatu kwenye Sherman yenye herufi W hakukosea plastiki tu. Hajajua ni kitu gani kilichowaua wale vijana, wala ni kitu gani kilichowaokoa wenzao.

Hivyo ndivyo ilivyo karibu kila kitu kilichoongezwa juu ya kifaru kilichokwenda vitani. Mifuko ya mchanga mbele, vipande vya mnyororo vilivyofungwa kifuani, magogo ubavuni: nyuma ya kila kimoja yupo mtu aliyeogopa jambo fulani na akatafuta dawa kwa alichokuwa nacho. Katika Normandy, kiangazi cha 1944, askari wa Kimarekani waliyakata machuma ambayo Wajerumani waliyasimika ufukweni kuwazuia, wakayafanya meno ya kupasulia vizuizi vya miti na udongo vilivyozunguka mashamba. Mwundaji hodari huyaonyesha meno hayo yakiwa na makovu ya kukatwa kwa moto, kwa kuwa hayakutoka kiwandani.

Sheperd Paine, bingwa wa Marekani aliyefariki mwaka 2015, aliwafundisha watu wengi kukitoa kifaru juu ya ubao mtupu na kukiweka mahali, pamoja na watu, ili mtazamaji aone kisa. Na hapo ndipo linapojitokeza swali zito, ambalo vyama vyenyewe havijalimaliza. Vifaru vinavyopendwa kuliko vyote na waundaji ni vya Ujerumani ya Hitler. Wataeleza kuwa sababu ni uhandisi, wingi wa aina, na rangi zenye mabaka. Katika Ujerumani yenyewe sheria hairuhusu alama ya swastika kuonyeshwa ovyo, na maboksi yanayouzwa huko huondolewa alama hiyo. Je, kuikata alama kwenye karatasi kunatosha? Mwandishi wenu anadhani hakutoshi. Mtu anayeweza kukutajia mwezi ambao gurudumu la Tiger lilibadilishwa, lakini hawezi kukuambia kikosi kile kilipita vijiji gani na kiliacha nini nyuma yake, ameisoma nusu ya kitabu. Kwa haki, lazima isemwe kuwa wapo wengi waliosoma yote, na kazi zao hutambulikana: kifaru kimesimama, mlango u wazi, na aliyekuwamo haonekani.

KAGERA

Kwetu Tanzania maboksi haya ni haba na ghali, na si lazima tuyalilie. Mtoto atengenezaye gari la waya lenye usukani wa kijiti na matairi ya kandambili tayari ameivuka hatua ambayo mwenye boksi hapitii kabisa, kwani yeye hupiga ramani mwenyewe. Mafundi wa pwani nao wanajua kuchonga jahazi la mfano lenye kila kamba mahali pake.

Hata hivyo kuna kifaru kimoja kinachotuhusu. Jeshi letu lilipigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979 likiwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, ambavyo vilifuata mfano wa T-54 ya Kisovyeti: tani 36, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani. Kampuni ya Kichina ya Trumpeter imekitoa kifaru hicho kwa kipimo cha 1:35. Kwa hiyo mtu yeyote katika Osaka au Birmingham anaweza leo kununua boksi lake na kutaka kuunda kifaru cha Tanzania kilichokwenda Uganda. Atakwama siku ya kwanza. Kwa Tiger ana vitabu rafu nzima. Kwa kifaru chetu ana picha chache zisizo na rangi.

Maswali atakayouliza ni yale yale ya chamani. Kijani chake kilikuwa kipi, na vumbi la Kagera lilikigeuza vipi? Namba ziliandikwa wapi, kwa rangi gani, na mkono wa nani? Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa Novemba 1978 na madaraja ya muda yakahitajika. Je, mapipa ya mafuta ya nyuma yalibebwa kuvuka au yaliachwa? Wale wanne walining'iniza nini nje, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi: sufuria, dumu la maji, blanketi?

Baadhi ya wanaojua wamelala katika makaburi ya mashujaa, Kaboya, wilayani Muleba. Waliobaki wametawanyika katika vijiji na mitaa yetu. Dereva aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1979 sasa anakaribia 70, na bila shaka wajukuu wake wanafahamu tu kwamba babu aliwahi kuwa jeshini. Daftari moja, penseli, na alasiri mbili tatu barazani zingetosha kuanzia. Na swali la kwanza si lazima liwe kubwa. Mwulize babu sufuria waliining'iniza upande gani.