KUBADILI INJINI YA PIKAPU: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Katika kaunti ndogo ya Kirewa, wilayani Tororo, pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo inayobeba magunia ya karanga, wimbi na mihogo kutoka mashambani kwenda masoko ya Tororo na Busia. Ndiyo inayomwahi mgonjwa usiku wa manane. Na ndiyo inayorudi na saruji na mabati ya mwenye kujenga. Pikapu moja huwalisha watu wengi: mwenye gari, dereva, wapakizi, na mkulima ambaye mazao yake yasingefika sokoni kwa wakati. Kwa hiyo injini yake inapokufa, msiba huo si wa mwenyewe peke yake.

Mwenye gari aliyefikwa na msiba huo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuifungua injini yake na kuitengeneza upya. Ya pili ni kununua injini nyingine iliyokwisha kutumika na kuipachika mahali pa ile iliyokufa. Wengi huchagua njia ya pili, kwa kuwa huonekana ya haraka. Tena, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza, kwa jumla, kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Mwenye pikapu kuukuu ambayo chasisi yake bado ni imara ana sababu nzuri ya kuitunza.

Lakini wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Injini iliyoshuka jana kutoka Japani au Dubai hupendeza machoni, hasa ikiwa imeoshwa na kupakwa rangi. Mara nyingi mnunuzi huilipia kwanza, na maswali huyauliza baadaye, injini ikiwa imekwisha kuning'inia kwenye mnyororo chini ya mwembe. Tunachotaka kuwaeleza wasomaji wetu ni hiki: injini hainunuliwi peke yake. Hununuliwa pamoja na vyote vinavyogusana nayo, na asiyevihesabu kabla ya kulipa atavilipia baada ya kulipa.

MFANO KUTOKA JESHINI

Askari walilitambua jambo hili zamani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilihitaji magari madogo mengi kuliko kiwanda kimoja kilivyoweza kuyatoa. Kampuni ya Willys na kampuni ya Ford zikaamriwa kutengeneza Jeep kwa michoro ileile, ili kifaa cha gari la kiwanda kimoja kiweze kufungwa katika gari la kiwanda kingine. Zaidi ya magari 600,000 yalitengenezwa. Fundi aliyekuwa mbele ya adui hakuwa na haja ya kuuliza kiwanda. Alitoa injini katika gari lililoharibika akaifunga katika gari lililo zima, na safari ikaendelea.

Pikapu za raia hazikutengenezwa kwa amri ya namna hiyo. Zinafanana sura na zina jina moja, lakini ndani zinatofautiana kwa mwaka, kwa mafuta zinayotumia, na kwa idadi ya magurudumu yanayovuta.

JAMAA ZA INJINI

Tuchukue Toyota Hilux, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1968. Injini zake za dizeli za jamaa ya L ni ndugu wa tumbo moja. Ile ya kwanza, L, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,188. 2L ina 2,446. 3L ina 2,779. Na 5L ina 2,986. Katika 2L upana wa silinda ni milimita 92. Katika 3L ni 96. Na katika 5L ni 99.5. Kwa sababu ya udugu huo, mwenye 2L iliyochoka anayetaka nguvu zaidi huitafuta 3L au 5L, na kazi huwa nyepesi kuliko kutafuta injini ya kabila jingine.

Hata hivyo, ndugu si pacha. 2L za zamani na zile za baadaye hazifanani kichwani: za zamani zina vyuma vya kusukumia valvu, na za baadaye zimeviacha. Hilux ya petroli yenye injini 22R au 4Y ni jamaa nyingine kabisa, ijapokuwa bodi yake ni ileile.

Vivyo hivyo kwa Isuzu, pikapu ambazo kwa miaka mingi ziliunganishwa jijini Nairobi na General Motors Kenya, kampuni iliyogeuka kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017. Injini 4JA1 na 4JB1 zina silinda zenye upana mmoja wa milimita 93. Tofauti yao ni urefu wa mwendo wa pistoni: milimita 92 kwa ile, 102 kwa hii, ndiyo maana ya kwanza ina sentimita za ujazo 2,499 na ya pili 2,771.

MAHALI PANAPOKUTANA

Injini na giaboksi hukutana katika sehemu nne, na kila moja yapasa kupimwa.

Sehemu ya kwanza ni lile ganda la mbele la giaboksi lenye umbo la kengele. Matundu yake ya boliti lazima yaelekeane na matundu ya injini. Kuna giaboksi ambazo ganda hilo limefungwa kwa boliti, nazo huweza kuvishwa ganda la injini nyingine ya jamaa inayohusiana. Nyingine zimesubiwa zikiwa kitu kimoja, nazo hazina suluhisho jepesi. Pini mbili za kuongozea, ambazo wengine huzitupa, ndizo zinazoiweka giaboksi katika mstari mmoja na krenkishafti. Zikikosekana, giaboksi hukaa upande kidogo, shafti huzunguka kwa kuyumba, na beringi hufa mapema.

Sehemu ya pili ni klachi. Kanuni yake ni fupi: presha pleti hufuata flaiwili ya injini, bali pleti ya katikati lazima ikubaliane na pande zote mbili. Upana wake ulingane na flaiwili, na meno ya tundu lake yalingane na meno ya shafti ya giaboksi.

Sehemu ya tatu ni ile beringi ndogo iliyo katika ncha ya krenkishafti, inayopokea ncha ya shafti ya giaboksi. Tundu lake likiwa pana kuliko ncha, giaboksi italia. Likiwa dogo, giaboksi haitaingia, na fundi atakayeivuta kwa nguvu za boliti atapasua ganda.

Sehemu ya nne ni stata. Meno yake yakutane sawasawa na meno ya flaiwili, na umeme wake uwe wa gari hilo. Ziko injini za dizeli zenye stata ya volti 24, na pikapu nyingi ni za volti 12.

Baada ya hapo ndipo huja vishikizi vya injini katika chasisi, mahali wenzo wa gia unapotokea, urefu wa propela shafti, na radieta yenye uwezo wa kuipoza injini kubwa zaidi. Katika pikapu inayovuta kwa magurudumu manne, difu ya mbele hupita chini ya injini. Kwa hiyo sampu ya gari la magurudumu mawili aghalabu haiwezi kukaa. Sharti ihamishwe sampu ya injini ya zamani pamoja na bomba lake la kuvutia oili.

Kwa sababu hizo, shauri letu ni kwamba, panapowezekana, injini inunuliwe pamoja na giaboksi yake, klachi yake na stata yake, zikiwa hazijatenganishwa. Bei ya jozi huonekana kubwa siku ya kununua. Lakini huondoa sehemu zote nne za mashaka kwa mara moja.

HESABU YA DIFU

Kuna jambo moja linalosahauliwa kuliko yote. Difu za pikapu hizi hazina hesabu moja. Yenye meno 41 kwa 10 hutoa 4.10, yenye 39 kwa 8 hutoa 4.875. Tuseme mzunguko wa tairi ni mita 2.1, na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya moja kwa moja. Kwa difu ya 4.10 gari litakwenda kilomita 92 kwa saa. Kwa difu ya 4.875 litakwenda kilomita 77 hivi.

Hatari iko hapa: katika pikapu hizi, mita ya mwendo huendeshwa kutoka nyuma ya giaboksi, kabla ya difu. Giaboksi iliyotoka katika gari la difu ya 4.875, ikifungwa katika gari la 4.10 bila kubadili kijigia cha mita, itamwonyesha dereva 77 hali gari linakimbia 92. Dereva huyo, akiwa na mzigo wa tani moja kwenye barabara kuu ya Tororo, hatajua kwa nini breki zake zimechelewa. Na katika gari la magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma zisipolingana, vyuma vitashindana vyenyewe kwa vyenyewe hadi kimoja kivunjike.

Tukumbuke pia kwamba injini kubwa haiongezi nguvu za breki wala springi. Mzigo ubaki uleule.

KABLA YA KULIPA

Injini za jamaa ya L huendesha valvu zake kwa mkanda wa meno. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zaweza kugongana na injini ikaharibika siku hiyohiyo. Asiyejua mkanda ulifungwa lini na aubadili injini ikiwa bado iko chini, mahali ambapo kila boliti inafikika. Abadili na mihuri ya oili ya mbele na ya nyuma. Aizungushe krenkishafti kwa mkono, achungulie oili kama ina maji, na alinganishe namba iliyogongwa kwenye injini na ile iliyo katika karatasi.

Karatasi si jambo dogo mpakani. Namba ya injini imeandikwa katika hati ya gari, Uganda na Kenya pia. Injini ikibadilika, hati nayo haina budi kubadilishwa. Anayenunua upande mmoja wa Busia na kufunga upande wa pili awe na risiti ya muuzaji na stakabadhi ya forodha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pikapu iliyozuiliwa kwa namba isiyolingana haibebi karanga za mtu yeyote.

Yafaa, basi, kila mwenye pikapu pale Kirewa akae na fundi wake kabla ya kwenda Busia au Kampala. Waandike katika karatasi moja jina la injini iliyopo, idadi ya meno ya shafti, upana wa klachi, hesabu ya difu na urefu wa propela shafti. Karatasi hiyo na futi ya kupimia viende na mnunuzi mpaka dukani, na fedha zitoke mfukoni baada ya kila kipimo kupata jibu.